Mavuno ya Stoo

Jumatatu, 30 Juni

Baridi ya kukata masikio. Chai imepoa kabla sijaipuliza. Na ni katika hali hiyo hiyo Bertha ameamua kunitangazia vita.

Mama yake anakuja Jumamosi kutoka Iringa. Ana mtoto wa jicho, atatibiwa hapa Mbeya, atakaa kwetu mpaka apone. Nikauliza kwa upole atalala wapi, maana nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Bertha akaelekeza kijiko nyuma yangu. Stooni!

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hapa lazima nieleze stoo ni nini, ingawa shajara hii haisomwi na mtu. Mimi Rabson ni fundi wa redio na televisheni. Tangu tuhamie Iyunga sijawahi kutupa kitu chenye matumaini. Stoo ni akiba yangu. Kuna TV za kichogo, zile nene za zamani. Kuna dishi. Kuna sinki la jikoni, jipya kabisa ukiacha ufa. Kuna milango miwili ya gari, yote ya kushoto. Kuna feni ya mezani, ambayo Bertha kila mwaka huuliza Mbeya nani anahitaji feni, nami humjibu kwamba hali ya hewa inabadilika. Kuna mbao safi. Na nyuma ya mbao, juu ya magunia, analala Jemedari.

Jemedari ni mbwa wa binti yetu Esta. Sikio moja limesimama, lingine limekata tamaa. Hajawahi kumbwekea mwizi wala mgeni. Humbwekea kuku tu, tena akiwa amesimama nyuma ya Esta. Esta alimlea kwa chupa ya maziwa tangu yuko mdogo kama kiatu, na yeye akitoka shule mbwa hulia kwa furaha mpaka majirani wanadhani kuna msiba.

Sasa masharti ya Bertha. Stoo iwe tupu ifikapo Jumamosi, na mbwa ajengewe kibanda chake uani. Nikishindwa, yeye mwenyewe atamwita yule mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na spika, akombe kila kitu. Na Jemedari ataondoka Jumapili jioni na lori la kaka yake, Sifaeli, kwenda Igawa kulinda mpunga. Mama yake, alisema, hawezi kulala nyumba moja na mbwa. Mtu mzima na mgonjwa!

Esta akaacha kutafuna. Aliniangalia tu, macho yamejaa maji, na mimi macho ya Esta siyawezi. Nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia Jemedari haendi Igawa maadamu mimi baba yake ni mzima.

Aroni, mdogo wake, bado hajaanza darasa la kwanza. Akauliza kama milango ya gari nayo itakwenda Igawa.

Nimejiteua mwenyekiti wa kamati ya kupunguza vitu. Hakuna aliyepinga. Mwanzo mzuri.

Jumanne, 1 Julai

Kamati imeanza kazi. Nimetunga sheria moja, rahisi na ya haki: kitu ambacho hakijaguswa mwaka mzima, kinatoka!

Nikaanza na kabati la vyombo la Bertha. Vile vikombe vya maua vya kichenpati yake, tangu tuoane havijawahi kuona chai. Nikamwonyesha vumbi kwa kidole. Akasema hivyo ni vya wageni. Nikauliza wageni gani, mkuu wa mkoa? Akasema mgeni ni mama yake, na vitatumika Jumamosi. Nikahamia kwenye mahotipoti. Tunayo ya kutosha kulisha kambi ya jeshi. Akasema hayo ni zawadi, na zawadi haina mwaka.

Nikaacha kabati kwa heshima, nikaenda kwa watoto. Aroni ana gunia la chupa tupu, ambazo anasema ni ng'ombe wake. Nikamwomba apunguze kundi. Akaingia ndani ya gunia, akajifunga, akakaa humo mpaka chakula cha mchana.

Kisha Bertha akasema sheria yangu anaipenda, tuipeleke stooni. Hapo nikakumbuka kwamba nina simu ya mteja ya kutengeneza.

Jioni kamati ilikuwa imetoa kitu kimoja: ndala yangu iliyokatika, upande wa kulia. Niliirusha jalalani kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya muda mfupi Jemedari akairudisha, akaiweka mlangoni, akakaa akisubiri kusifiwa. Esta akamsifu.

Hata hivyo jambo kubwa ni kwamba tumeanza.

Jumatano, 2 Julai

Nimeamka na akili ya ajabu. Dari!

Watu wana nyumba, wana mapaa, na katikati wana nafasi kubwa ambayo haitumiki kabisa. Ubadhirifu. Bertha alipokwenda kwenye banda lake la cherehani, nikasimamisha ngazi sebuleni, nikatoa kipande kimoja cha dari, nikaanza kupandisha mali. Esta alishika ngazi. Aroni alisimamia. Nilimlipa biskuti ili asiseme kwa mama yake, akaniambia biskuti moja ni ya kutosema leo tu.

Sinki lilipanda. Feni ikapanda. Dishi likapanda kwa ubavu. TV zikagoma kupita, nikaziacha.

Bertha aliporudi akafungua stoo, akaona sakafu. Sakafu! Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau rangi yake. Akanitazama kama siku ile aliponikubali kule Iringa. Akasema kweli mtu hubadilika. Akanipikia kande zenye karanga, akanipakulia mara ya pili bila kuombwa, na akamwambia mama yake kwenye simu, nami nasikia, kwamba Baba Esta siku hizi ni mtu wa kuigwa.

Nilipokuwa nakula, nikaona dari juu ya kochi imeanza kushuka tumbo kidogo. Bertha naye akaona. Nikamweleza kitaalamu kwamba baridi ya Mbeya huvuta mbao.

Alhamisi, 3 Julai

Leo jumuiya ilisali kwetu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni zamu yetu.

Watu walijaa sebuleni, na kochi la chini ya tumbo akapewa Mzee Liberatus. Liberatus ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, mzee wa kanisa, mfugaji wa kuku wa mayai. Nyumba yake haina kitu hata kimoja cha ziada. Uani kwake hata jiwe linajua mahali pake. Bertha akitaka kuniumiza humtaja yeye tu, hahitaji tusi.

Nilijaribu kumhamisha. Nikamwambia kochi lile lina spring mbovu. Akasema yeye hakuja kustarehe, alikuja kusali.

Ikafika sala ya mwisho. Tukasimama. Liberatus akasimama. Na hapo, kabla hata hatujafumba macho vizuri, dari ikasema krr, ikafunguka, na sinki likashuka zima zima, likakaa kwenye kochi mahali pale pale alipokuwa amekaa Mzee Liberatus. Feni ikafuata, ikaning'inia kwa waya wake, ikizunguka polepole.

Mama mmoja akapiga kelele kwamba Bwana ametenda! Kama mzee asingesimama kusali! Wakaanza kuimba. Tumeimba pambio mpaka sauti zikakauka. Nyumba yangu imekuwa mahali pa muujiza, na nimepewa mikono na watu ambao kwa kawaida hunipita barabarani.

Liberatus peke yake hakuimba. Alilitazama sinki, akanitazama mimi. Akasema taratibu, watu wote wakisikia, kwamba ndugu yetu Rabson ana mali nyingi mpaka zinammwagikia. Halafu akamwambia Bertha kwamba amesikia habari ya mbwa. Igawa ni mbali na kuna joto, alisema. Yeye ana mabanda ya kuku yanayohitaji mlinzi. Atamchukua yeye, amfunge mnyororo mzuri.

Bertha akasema ni wazo zuri. Esta akatoka nje.

Mnyororo! Kulinda kuku, mbwa anayeogopa kuku! Nimekwenda kumkuta mtoto uani amemkumbatia mbwa shingoni. Nimemwambia baba bado ana mbinu. Akaniuliza mbinu gani. Nikamwambia ni siri, maana hata mimi sikuwa naijua.

Na kweli sina usingizi kwa ajili ya jambo hili. Kuna ahadi mtu huzitoa kwa kuwa mkono umekwenda kifuani wenyewe. Lakini mtoto huhesabu kwamba umesema.

Ijumaa, 4 Julai

Biashara! Nimekodi guta la matairi matatu, nikapakia TV zote, nikazipeleka kando ya barabara kuu, pale magari ya Tunduma yanapopunguza mwendo. Nikaandika kwenye boksi: TV IMARA. Sikuandika kama zinawaka, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Saa za mwanzo watu walinunua kwa macho tu. Baadaye akashuka bwana mmoja mwenye kofia, mtu wa maneno machache. Alizitaka zote, akatengenezee mizinga ya nyuki. Hakuwa na fedha. Alikuwa na kitu bora kuliko fedha.

Nimerudi nyumbani na bata mzinga.

Dume! Kifua kama meza! Nimewaambia watoto hesabu ni rahisi: tumetoa TV nyingi, tumepokea ndege mmoja. Huko ndiko kupunguza vitu. Aroni alifurahi mpaka akaanguka. Amempa jina la Kamanda.

Bertha alimtazama Kamanda. Kamanda akamtazama Bertha. Bertha akaingia ndani, na mpaka naandika haya hajaniambia chochote isipokuwa chumvi iko wapi.

Kwa bahati mbaya Kamanda na Jemedari hawakuelewana. Vita vilikuwa vifupi. Kamanda sasa anakaa stooni juu ya magunia, na Jemedari yuko chini ya kitanda cha Esta, na hataki kujadili.

Lakini ngoja! Jioni nimepita kanisani, nikasikia kwaya inafanya mazoezi, na hapo taa ikawaka kichwani. Keshokutwa ni sikukuu ya mavuno! Mwenye shamba analeta mahindi, viazi, kuku. Mchungaji alisema asiye na shamba alete matunda ya kazi yake. Baada ya ibada vyote vinapigwa mnada pale nje. Mtu akinunua, akipenda anachukua mwenyewe, akipenda anamzawadia mchungaji, au mgeni, au mkwewe, na wamama wanapiga vigelegele. Na kitu kilichozawadiwa pale hakikataliwi. Wala hakiuzwi, wala hakitupwi. Kimebarikiwa.

Shamba langu ni stoo. Nitatoa vyote! Stoo itakuwa nyeupe, nitaonekana mkarimu mbele ya usharika mzima, na Jemedari atabaki. Sijui kwa nini watu wengine hupata shida maishani.

Jumamosi, 5 Julai

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Asubuhi nimeita kirikuu, kigari cha mizigo. Tumepakia sinki, feni, dishi, milango, mabomba, kreti, redio zisizo na matumbo, na gurudumu la kitu ambacho sikikumbuki. Niliuma meno. Mlango wa pili wa gari niliupapasa kidogo kabla ya kuuachia. Lakini nilipofika kanisani, furaha ya kutoa ikanipanda kichwani kama pombe ya mtu asiyekunywa. Nikawa natoa tu! Nilirudi mara ya pili kuchukua vilivyobaki.

Mwinjilisti Samwel, ambaye ndiye anayepokea na ndiye atakayenadi, alizunguka rundo langu mara kadhaa. Akaniuliza kwa upole kama haya nayo ni mavuno. Nikamwambia, Mwinjilisti, mimi nimepanda kwa miaka yote tuliyokaa Iyunga. Akasema amina, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Bertha akafungua stoo. Tupu! Hata mwangwi ulikuwepo. Alifagia, akamhamishia Kamanda uani, akatandika kitanda, akaweka pazia la maua. Akaja akanisimamia mbele, akanirekebisha kola ya shati. Miaka mingi hajanigusa kola.

Kisha akauliza mbao za kibanda cha mbwa ziko wapi.

Nikaenda uani. Nikarudi. Nikaenda tena.

Mbao zilikwenda kanisani na safari ya pili.

Bertha hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema tu kwamba makubaliano ni makubaliano. Stoo ni tupu, ananishukuru, lakini kibanda hakuna na usiku nje ni barafu. Kesho jioni lori la Sifaeli, au Mzee Liberatus, nichague mwenyewe. Mbao za kanisa siwezi kuzirudisha. Mbao nyingine sipati, mafundi wote wamefunga kwa ajili ya sikukuu.

Saa kumi mama mkwe, Mama Yusta, akashuka kwenye basi. Mama mdogo wa umbo, mkubwa wa mizigo. Viazi, alizeti, dumu la asali, jembe lisilo na mpini, na chupa ya chai isiyo na kifuniko ambayo anasema kifuniko kitapatikana. Nikamwambia shikamoo mama. Akaitikia marahaba mwanangu, akaongeza kamwene, salamu ya kwao, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Jicho moja lina ukungu, lakini lile lingine linaona mpaka ndani ya mfuko.

Alikunywa chai kwenye vikombe vya maua. Akauliza mbona nyumba imekuwa tupu hivi, tumeibiwa? Bertha akacheka kwa fahari. Mama hakucheka.

Esta amemficha Jemedari chumbani, amemlaza kwenye blanketi lake. Sijapita mlangoni pale. Nimeshindwa.

Jumapili, 6 Julai

Lazima niandike kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mahindi, maharage, mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, kuku wamefungwa miguu. Na pembeni, rundo langu, limefunikwa turubai kama maiti. Baada ya ibada Mwinjilisti Samwel akapanda kwenye kiti, mnada ukaanza. Ndizi zikaenda. Kuku wakaenda. Maharage yakagombaniwa. Likafunuliwa turubai.

Mtu mmoja akakohoa.

Samwel akainua sinki. Akalisifu. Akageuza ule upande wa ufa kwa mchungaji. Hakuna mkono. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Hapo Mzee Liberatus akajitokeza mbele, suti imenyooka, tabasamu la mtu aliyelala na wazo lake. Akasema yeye na sinki hili wanafahamiana. Analinunua! Na kwa kuwa tumepata mgeni kutoka Iringa, analizawadia kwa Mama Yusta, mkwe wa ndugu yetu Rabson!

Vigelegele! Watu waliokuwepo Alhamisi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Yusta akainuka, akaja mbele akicheza, akatandaza kitenge chake, akapokea sinki. Na baada ya hapo hakuna aliyezuilika. Feni, kwa mgeni! Dishi, kwa mama yetu! Milango, yote miwili ya kushoto, kwa bibi! Mbao, kwa bibi! Kila mtu alitaka kuonekana mkarimu, na kila mtu alitaka kuniona uso. Mama Yusta alicheza mpaka kilemba kikalegea. Bertha alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza.

Kisha Samwel akasema imebaki sadaka ya watoto. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amewaambia kila mmoja alete kitu kinachopendwa zaidi nyumbani kwao. Walikuja na mayai, miwa, sungura. Na wa mwisho akaja Aroni wetu, kifua mbele, amevuta kamba. Kamba ilikuwa tai yangu. Mwisho wa tai alikuwepo Jemedari.

Nikasikia Esta anavuta pumzi. Ni sauti ambayo sitaisahau.

Aroni akatangaza kwamba mbwa wa dada ndiye anayependwa kuliko wote, hata baba anampenda ila anajifanya. Watu wakasema ooo. Samwel akasita, lakini sadaka ni sadaka. Liberatus akanyoosha mkono haraka kama aliyekuwa anaungoja. Nikanyoosha wangu. Akapandisha. Nikapandisha. Bertha akanishusha mkono wa kulia, nikanyoosha wa kushoto. Mfuko ulikuwa na nauli tu. Nikaahidi bata mzinga! Samwel akasema kwa huruma kwamba mnada haupokei ndege aliyebaki nyumbani. Akahesabu. Mbwa akaenda kwa Mzee Liberatus.

Liberatus akaishika tai. Esta hakulia kwa sauti. Alisimama wima na mikono yake miwili imeshika sketi. Niliumia, sina la kuficha. Niliumia kuliko milango, kuliko TV, kuliko vitu vyote nilivyowahi kupoteza.

Na pale pale, bila kupanga, miguu yangu ikatembea. Nikajikuta mbele ya kanisa. Nikanyanyua mikono yote miwili, nikapaza sauti: Ndugu zangu, tumshukuru Mzee Liberatus! Alianza yeye na sinki, sasa anamalizia yeye na mlinzi! Amemzawadia mama yetu mkwe mbwa pia!

Liberatus akafungua mdomo. Lakini vigelegele havimngoji mtu! Wamama wakalipuka, ngoma ikapigwa, kwaya ikadaka wimbo, na Mama Yusta akawa ameshafika akicheza, kitenge kimetandazwa. Mzee wa kanisa atasema nini? Kwamba hakutoa? Siku ya mavuno? Mbele ya mchungaji? Mdomo wake ulifunguka na kufungika kama wa samaki. Kisha akaweka tai mkononi mwa Mama Yusta, akasema, kwa sauti ndogo, amina.

Nilimfungia hesabu Liberatus! Hapo hapo! Kwa maneno machache!

Nilibaki na hofu moja. Mama na mbwa. Bertha naye alikuwa ameshika mdomo. Mama Yusta akainama, akalitazama lile sikio lililosimama na lile lililokata tamaa. Akauliza jina lake. Akapapasa mgongo. Akasema kule nyumbani, tangu marehemu baba yake Bertha aondoke, mbwa wake ndiye aliyekuwa analala miguuni pake kumpa joto. Mbwa huyo alikufa mwaka jana. Amekaa mwaka mzima na miguu ya baridi.

Bertha akasema mama, mbona hukuwahi kuniambia? Mama akasema, mwanangu, uliniuliza?

Esta alikuja akakumbatia wote wawili kwa pamoja, bibi na mbwa. Halafu akaja kwangu. Aliweka kichwa tumboni kwangu, pale pale mbele ya watu, na mimi nikatazama mawingu ya mlima Loleza kwa muda.

Lori la Sifaeli lilipita jioni. Bertha alikwenda kumwambia aendelee na safari. Mbwa ni wa mama sasa, amebarikiwa, hatoki.

Ni kweli kwamba kirikuu kilirudi nyumbani na kila kitu. Ni kweli kwamba stoo imejaa kuliko mwanzo, kwa sababu waumini wengine waliongeza zawadi zao. Mama Yusta amekataa kabisa kitu chochote kisogezwe nje, ni mali ya madhabahuni. Analala na Bertha kitandani kwetu, mbwa miguuni. Mimi nalala kwenye kochi, chini ya tundu la dari, na Kamanda yuko pembeni. Kwa maneno mengine, nimepata chumba changu mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu. Usingizi mzuri, ukiacha Kamanda.

Asubuhi Bertha aliketi karibu nami na vikombe viwili vya maua. Siku hizi tunavitumia! Akaniuliza, safari hii bila hasira, kama wiki hii imenifundisha jambo lolote. Nikamwambia ndiyo, mengi. Akangoja niyataje. Nikanywa chai polepole mpaka akachelewa kwenda bandani kwake, maana ana magauni ya harusi na sikukuu kwake si sikukuu.

Mimi na mama mkwe tumepanga stoo vizuri. Mwanamke yule ni hazina! Aliutazama ule mlango wa gari, akasema huu si wa kutupa. Sijawahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu mwingine. Bahati yetu mbaya ni moja. Tulipovuta mbao za kibanda, Kamanda alikuwa ameshazilalia, na hataki mazungumzo. Esta anauliza kibanda lini. Nimeweka mkono kifuani.

Na sasa, muujiza mwingine. Mke wa Liberatus amemwambia mumewe kwamba hata wao wana kitu cha kupunguza. Mchana nimechungulia juu ya ukuta, nikaona wametoa friji nje ya geti. Friji kubwa! Mota haina, na miguu ni mitatu. Lakini mlango! Ukiufunga unasema pup. Ukimlaza mbwa humo na mlango ukiutoa, hiyo si nyumba? Hiyo ni hoteli!

Nimemuuliza Liberatus kama anaitupa. Akanitazama kwa muda mrefu, akatabasamu lile tabasamu lake, akasema anizawadie.

Tumeivusha. Mama mkwe alishika upande mmoja, mimi mwingine, Esta akasukuma, Aroni akasimamia. Iko uani, imefunikwa magunia. Stoo haina nafasi hata ya kijiko, na Bertha atarudi jioni. Asiione kwanza, mpaka nipate muda wa kuitengeneza.

Mama mkwe ameniuliza tuiweke wapi. Nikatazama juu.

Dari ya upande wa chumbani kwetu bado ni imara kabisa. Esta ameshaleta ngazi.